Sambaza ni samaki ao inite? Maneno ambayo watu wanaandika ku Google, na namna ya kuonekana bila kulipa

Goma na Bukavu, sambaza ni samaki. Mama wa soko hana haja ya kuelezwa: ni kasamaki kadogo, kanang'aa, kanauzwa kabichi ao kakavu. Lakini Nairobi, sambaza ni kumtumia mwenzako inite za simu. Ni jina la huduma ya kampuni Safaricom. Na katika Kiswahili cha Dar es Salaam, kusambaza ni kueneza habari ao kugawa bidhaa. Kwa hiyo mtu wa Bukavu anayechukua telefoni na kuandika neno hilo moja tu ku Google anaweza kupewa maelezo ya kutuma inite Kenya, wakati alitaka kujua bei ya samaki.

Samaki mwenyewe ni mgeni katika ziwa. Aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kule Uvira na Kalemie, samaki wadogo wa namna hiyo wanaitwa ndagala. Watanzania wao wanasema dagaa. Mchuuzi wa Goma anayetaka wanunuzi wa Kindu, Kisangani ao Butembo anapaswa kujua mnunuzi wake anatumikisha neno gani kati ya hayo, kwa sababu Google haimjui mchuuzi wala samaki wake. Inajua maneno yaliyoandikwa tu.

Jambo hili linagusa watu wengi kuliko wauza samaki. Kuko chama cha wakulima wa kawa, fundi wa nguo, nyumba ya kulala wageni, shule, kituo cha afya, redio ya mtaa. Wote wanatamani kupata watu ku intaneti bila kununua tangazo, na wengi wameishatengeneza ukurasa wao. Ukurasa uko pale, mzuri, na picha ndani, lakini hakuna mtu anayeufikia.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Kazi yake, ukiondoa maneno makubwa, iko na hatua tatu. Kwanza, mashini zake zinatembea usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, zikifuata viungo vinavyounganisha kurasa. Kisha zinaweka kumbukumbu ya zilichosoma: neno hili liko ku kurasa hizi, lile liko ku kurasa zile. Hatua ya tatu inakuja wakati mtu anaandika swali. Google inachota ku kumbukumbu hiyo na kupanga majibu, nani awe wa kwanza, nani wa mia moja. Karibu kila mtu anabonyeza majibu ya juu. Aliye chini sana ni sawa vile hayuko.

Juu kabisa mara nyingi kuna matangazo ya kulipia. Yanatambulika, sababu yameandikwa kwa Kifaransa "Sponsorisé". Yale mengine ya chini hayanunuliwi. Google inasema wazi kwamba haipokei malipo ili kupandisha ukurasa katika majibu ya kawaida, na kwamba hakuna mtu anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Kijana anayepita ku maduka akiahidi "ukurasa wa kwanza ku Google" kwa dola kadhaa anauza kitu ambacho hana mkononi.

Basi kazi inabaki ku maneno, na hapo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiko na matatizo yake. Chukua neno makala. Bukavu, makala ni ya kupikia. Bei yake ikipanda, chakula kinachelewa jikoni. Tanzania, makala ni maandishi ya gazeti, na kila mwandishi wa kule anaanza na "katika makala hii". Mtu akiandika "makala" peke yake, atapata magazeti tele na hata gunia moja asilipate. Sombe kule inaitwa kisamvu. Kawa inaitwa kahawa. Hata jina la jimbo linaandikwa kwa namna nyingi: Kivu Kusini, Kivu ya Kusini, Sud-Kivu. Mashini inajifunza lugha kutoka kwa kile kilichoandikwa, na Kiswahili cha Kivu kinasemwa sana lakini kinaandikwa kidogo.

Wengine wanadhani dawa ni kuandika Kiswahili "sanifu" na kuacha neno la nyumbani. Hapana. Mnunuzi wa Goma hataandika "mkaa" siku hata moja. Kichwa cha ukurasa kibebe neno lake, "bei ya makala Goma", na ndani ya maandishi neno mkaa litajwe mara moja, ili na yule aliyetoka Kigoma ao Mwanza afike. Tena kuko Kifaransa. Watu wengi wa huku wanaongea Kiswahili siku nzima, lakini wakishika telefoni kutafuta kitu wanaandika Kifaransa, kwa mazoea ya shule, ao wanachanganya: "prix sambaza Goma". Kwa chama cha wakulima wa kawa wa Idjwi, mambo yanaenda mbali zaidi. Mkulima anasema kawa, lakini mnunuzi wa Bruxelles anaandika "café du Kivu" na yule wa London anaandika "Kivu coffee". Ukurasa wa Kiswahili peke yake hautawafikia hao wawili hata ukiwa na maneno matamu namna gani. Kwa biashara kama hiyo kurasa tatu fupi, kila moja na lugha yake, zinafaa kuliko moja ndefu iliyochanganya yote.

Maneno hayo yanapatikana wapi? Njia ya kwanza haihitaji hata intaneti: ni kusikiliza simu. Muuzaji anayepigiwa mara kumi kwa juma akiulizwa "munatuma mpaka Kindu?" ameishapewa kichwa cha ukurasa wake na wateja wenyewe, bure. Njia ya pili ni kuanza kuandika neno ku Google bila kumaliza, na kuangalia yale ambayo Google yenyewe inapendekeza chini yake. Mapendekezo mengi yanatoka ku mambo ambayo watu wengine waliishatafuta. Google Trends pia ni ya bure na inaonyesha kama neno linapanda ao linashuka, ingawa kwa miji ya huku mara nyingi inajibu kwamba haina hesabu za kutosha. Simu na soko vinajua zaidi.

Kosa linaloonekana sana ni kupenda neno kubwa. Mtu anataka awe wa kwanza kwa "samaki" ao "hoteli". Kwa neno samaki anashindana na dunia nzima: vitabu, wizara, wapishi wa Mombasa, wavuvi wa Victoria. Lakini "sambaza kavu bei ya jumla Goma" haina wengi wanaoshindania. Pengine ni watu wachache tu kwa mwezi watakaoandika hivyo. Hao wachache, lakini, hawapotezi wakati: mtu anayeandika "bei ya jumla" iko na franka mfukoni na anatafuta mahali pa kuziacha. Wageni elfu moja waliopotea njia, wakitafuta inite za Kenya, hawanunui hata kilo moja.

Neno likiishachaguliwa, linawekwa pale mashini na binadamu wanapotazama kwanza: ku kichwa, ku anwani ya ukurasa, na ku sentensi ya kwanza ao ya pili. Picha nayo ipewe jina. Picha iliyotoka ku telefoni ikiitwa kwa tarakimu tu haisemi kitu. Ikiitwa "sambaza-kavu-goma", na maelezo mafupi chini yake, Google inaelewa vizuri zaidi inaonyesha nini. Baada ya hapo, mwandishi aache kuhesabu maneno na aeleze: samaki walikaushwa namna gani, gunia liko na kilo ngapi, linasafiri kwa gari ao kwa boti, malipo yanafanyika vipi. Majibu hayo ndiyo yanafanya mtu abaki ku ukurasa.

Kuna waliojaribu njia ya mkato, yaani kurudia neno lile lile mara hamsini: "sambaza Goma sambaza bei sambaza nzuri sambaza". Wengine waliandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili mashini isome na binadamu asione. Hila hizo ni za zamani na Google inaziadhibu. Mwaka 2009 ilitangaza kwamba haiangalii tena orodha ya maneno iliyofichwa nyuma ya ukurasa kwa ajili ya kupanga majibu, na mwaka 2011 ilibadilisha mashini zake ili kushusha kurasa tupu zilizoandikwa kwa ajili ya kunasa watu tu. Hata hivyo, bado kuna wanaouza kozi za SEO ambamo orodha ile ya kufichwa inafundishwa kama siri kubwa.

Uzito wa ukurasa nao unahesabika, na huku mashariki unahesabika mara mbili, kwa sababu msomaji analipa mega zake. Picha moja iliyotoka moja kwa moja ku telefoni inaweza kuwa na mega 4. Weka kumi, ukurasa unakula mega 40, na mtu wa kijijini mwenye mtandao dhaifu atarudi nyuma mbele haujafunguka. Picha ile ile ikipunguzwa inabaki na chini ya robo ya mega moja na samaki bado anaonekana.

Kisha kuna viungo. Wazo la kwanza la waanzilishi wa Google lilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zinazoaminika ni kama mtu anayeshuhudiwa na majirani. Redio ya mtaa, chuo kikuu, shirika la wakulima ao parokia ikiweka kiungo cha kwenda kwa chama cha wavuvi, huo ni ushuhuda. Kuombana viungo hivyo kati ya watu wanaojuana kweli hakuna ubaya. Kuvinunua kwa wingi kutoka kwa watu wa mbali ni marufuku ya Google.

Wengi watasema: mambo yote haya ya nini, wakati WhatsApp iko? Ni kweli kwamba bei nyingi zinatembea ku makundi ya WhatsApp kuliko mahali pengine popote. Lakini Google haiingii mule. Bei iliyotumwa asubuhi, jioni imeishafunikwa na salamu, picha za ndoa na tangazo la kilio, na mgeni asiyekuwa ndani ya kundi hataiona kabisa. Ukurasa ulioandikwa vizuri unaweza kujibu swali lile lile miezi na miezi, hata mwenyewe akiwa amelala. Unachukua wakati, lakini: mabadiliko mengine yanaonekana baada ya siku chache, mengine baada ya miezi kadhaa. Chombo cha bure cha Google kinachoitwa Search Console kinamwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani yaliyomletea watu. Mara nyingi ni maneno ambayo hakuyafikiria.

Wanaoyajua maneno haya vizuri kuliko wote, kwa bahati mbaya, ni matapeli. Wanajua kwamba kila siku kijana fulani anaandika "kazi Goma" ao "recrutement ONG Bukavu". Wanajua pia kwamba baada ya mitihani ya serikali maelfu wanatafuta matokeo. Wanatengeneza ukurasa wenye kichwa kile kile, neno kwa neno, na ndani wanaomba franka za "dosie". Umoja wa Mataifa unasema kwamba hautozi malipo ku hatua yoyote ya kuajiri, lakini onyo hilo halimfikii kijana kama limefichwa ndani ya ukurasa wenye kichwa cha kiofisi ambacho hakuna anayekiandika. Shirika ao shule inayotaka kuwalinda watu wake inapaswa kuandika kichwa kwa maneno ya yule anayetafuta: "Je, kazi hii ya ONG ni ya kweli?" Vinginevyo nafasi ile inabaki wazi, na tapeli anaikaa.

Tangu mwaka 2024, jambo jingine limeingia. Kwa maswali mengi Google inaandika jibu fupi yenyewe juu ya majibu mengine, kwa kutumikisha akili mnemba, na mtu anaweza kusoma hilo na kuondoka bila kufungua ukurasa wa mtu. Wanaoumia zaidi ni wale walioandika mambo ya jumla, kama "sambaza ni samaki gani". Bei ya juma hili, namba ya kupiga, siku ambayo boti inaondoka, hayo bado yanatoka kwa mwenye mali, na mnunuzi anapaswa kumfikia.

Ndiyo maana tarehe isisahauliwe. Sambaza inavuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mkubwa samaki hawavutwi sana na taa, mavuno yanashuka na bei inapanda. Bei iliyoandikwa bila tarehe, ikasomwa miezi mitatu baadaye, inamleta mteja aliyekasirika mbele hajafika. Mstari mmoja juu ya ukurasa unatosha: bei ya siku gani, kwa kilo ngapi, na namba ambayo kweli mtu anaipokea.