RAM ipi inaifaa kompyuta uliyoiovakloki? Kwa walioko Masasi na Newala

Kama uko Masasi au Newala na una kompyuta ya mezani uliyoiovakloki, yaani umeilazimisha prosesa iende kasi kuliko alivyopanga mtengenezaji, na sasa unataka kuiongezea RAM, makala hii ni yako. Huku kwetu duka la vifaa haliko mtaa wa pili. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi peke yake ni kilomita 210, na ukiagiza Dar ndiyo kabisa. Ukiletewa kipande kisichoingia kwenye sloti, umeliwa nauli ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo tuelewane kwanza, halafu ndio utoe hela.

RAM ni mitungi inayovuja

Ndani ya chipu ya RAM kila biti, sifuri au moja, ni chaji kidogo ya umeme iliyowekwa kwenye kapasita ndogo sana, na transista moja inayofungua na kufunga mlango wake. Muundo huu ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM, akapewa hataza mwaka 1968, na mpaka leo tunautumia.

Shida ni kwamba kapasita hizi zinavuja. Mtu wa Newala hahitaji maelezo marefu hapo: ukiyafuata maji bondeni, ukayapandisha mpaka juu uwandani, halafu ukayaweka kwenye mtungi wenye ufa, itabidi uongeze kila mara au utakuta mtungi mtupu. RAM nayo inajaziwa upya hivyo hivyo. Kwenye DDR3 na DDR4, kwa kawaida kila safu inajaziwa ndani ya milisekunde 64. Chipu ikipita nyuzi joto 85, viwango vinataka ijaziwe ndani ya milisekunde 32, kwa sababu joto linaongeza uvujaji. Shika hilo la joto, tutalirudia.

Ujazo kwanza, kasi baadaye

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Task Manager, nenda kwenye kurasa ya Performance, kisha Memory. Fanya hivyo ukiwa katikati ya kazi zako za kila siku, si kompyuta ikiwa imelala. Kama RAM imejaa asilimia 90 na zaidi, tatizo lako ni ujazo. RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye diski. RAM inajibu ndani ya nanosekunde mia hivi, wakati diski ya kuzunguka inachukua milisekunde kumi hivi. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja! Hakuna kuovakloki kunakoweza kuziba pengo hilo. Mwenye GB 4 akipanda hadi 8 au 16 ataona mabadiliko siku hiyo hiyo.

Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32. Kama ndiyo, toleo la kawaida halitumii zaidi ya GB 4 hata ukiijazia sloti zote. Hapo dawa ni kuweka Windows ya biti 64.

Aina: hapa hakuna kubahatisha

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mkato ulioko kwenye meno ya kipande uko sehemu tofauti kwa kila aina, makusudi, ili usiweze kuchomeka isiyo yake. Ikigoma kuingia usiisukume kwa nguvu. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1. RAM ya laptopu nayo ni fupi, haikai kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Jambo jingine: kompyuta nyingi za mitumba tunazonunua ni za maofisini, na BIOS zake kwa kawaida hazitoi nafasi ya kuovakloki. Ukiweka RAM ya 3200 kwenye mashine inayoishia 2400, itafanya kazi vizuri tu, ila kwa 2400. Umelipia mwendo usioutumia. Hata kwenye mazabodi za Intel, zile za daraja la B za kabla ya B560 hazikuruhusu kuovakloki RAM. Soma jina la mazabodi yako kabla hujaagiza.

Namba kubwa kwenye boksi isikuzuzue

Boksi linaandika namba mbili: kasi, mfano 3200, na CL, mfano 16. CL ni idadi ya midundo ambayo RAM inasubiri kabla ya kuanza kutoa data. Ili upate muda halisi kwa nanosekunde, chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi.

- 2400 CL17: nanosekunde 14.2
- 3200 CL22: nanosekunde 13.75
- 3200 CL16: nanosekunde 10
- 3600 CL18: nanosekunde 10

Umeona? Mbili za mwisho zinaanza kujibu kwa muda uleule. Ile ya 3600 inapitisha data nyingi zaidi kwa sekunde, lakini inaibebesha prosesa mzigo mzito zaidi. Na ukifungua CPU-Z ukakuta 1600 wakati ulinunua 3200, usimpigie muuzaji simu kwa hasira. DDR inapitisha data mara mbili kwa kila mdundo, na CPU-Z inahesabu midundo.

Ukiweza, nunua vipande viwili vya GB 8 vilivyouzwa pamoja badala ya kimoja cha GB 16. Kimoja cha 3200 kinapitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde, viwili kwenye njia mbili vinafika 51.2. Ukichanganya kipya na cha zamani, vyote vitafuata mwendo wa aliye mzembe, na kwenye mashine iliyoovaklokiwa mchanganyiko huo ndio chanzo cha migomo isiyoeleweka.

Uliiovakloki vipi?

Kama ulipandisha kizidishio cha prosesa, RAM haikuguswa. Lakini kama ulipandisha mdundo wa msingi, kutoka 100 hadi 105 tuseme, RAM nayo imepanda: ya 3200 sasa iko 3360, bila wewe kuiomba. Kwa hiyo kabla ya kuweka RAM mpya, rudisha mipangilio ya kiwandani. Weka RAM, washa XMP kama ipo, pima, halafu ndio upandishe prosesa tena. Kumbuka XMP yenyewe ni kuovakloki: DDR4 nyingi hapo zinapanda kutoka volti 1.2 hadi 1.35, na joto linapanda nazo.

Pima wakati wa joto

Mashine iliyotulia mwezi Julai inaweza kugoma Novemba. Chumba kikipanda nyuzi kumi, vifaa vya ndani navyo vinapanda karibu nyuzi kumi. Masasi iko chini kati ya vilima vya mawe, na kabla ya mvua chumba chenye bati huwa tanuri. Newala juu kuna afadhali, lakini afadhali si kinga.

Tumia Memtest86+ kutoka kwenye flashi. Iache izunguke usiku kucha, na irudie tena mchana wa jua kali. Kosa moja tu linatosha kukwambia ushushe kasi.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu RAM mbovu si lazima izime kompyuta. Inaweza kubadili biti moja kimyakimya. Namba kamili 1,250, biti moja ikigeuka mahali pake, inakuwa 5,346. Sasa hizo ziwe kilo za korosho za mkulima kwenye daftari la ushirika, msimu umeshika kasi, na faili limeshahifadhiwa. Kompyuta haitakwambia kitu, maana RAM za kawaida za mezani hazina uwezo wa kugundua kosa hilo.

Kwa hiyo ukiagiza, fuata mpangilio huu: aina inayoingia, ujazo unaokutosha, vipande viwili vinavyofanana, na kasi iwe ya mwisho. Kama mashine hiyo ndiyo inayobeba tasnifu yako au mahesabu ya watu, iache RAM kwenye kasi ya kawaida. Michezo itapungua kasi kidogo, lakini namba zako zitabaki zilivyo.