Pikipiki za rimoti: mchezo wa wakubwa wenye adabu yake

Huku kwetu mtu mzima mwenye ndevu akionekana barazani ameshika pikipiki ya kuchezea, ataulizwa ni ya mtoto gani. Nami nilikuwa mmoja wa waulizaji. Mpwa wangu, aliyehamia Ujerumani kwa kazi na akaoa huko huko, alipotuarifu kwamba anashindana katika mbio za pikipiki, mama yake alianza kumsomea Yasini kila Alhamisi usiku. Miezi ikapita ndipo ilipotujia picha, tukaona kumbe pikipiki yenyewe huichukua kwapani kama mtu apelekaye kuku sokoni.

Dada yangu alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akakasirika. Mimi nilinyamaza, lakini moyoni nilikubaliana naye kwamba ni upuzi, na kwamba pesa zile zingefaa kuezekea nyumba ya mamake. Baadaye Mwenyezi Mungu alinijaalia kwenda kumtembelea, na nikafika siku mbili tu kabla ya kufunguliwa msimu wa mbio. Haya niandikayo, mengine nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyasoma baada ya kurudi, kwani nilirudi na hamu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Hizi si zile pikipiki za plastiki zinazonunuliwa siku ya Idi zikavunjika kabla ya magharibi. Ile ya mashindano ya lami kwa kawaida ni sehemu moja ya tano ya pikipiki halisi, yaani urefu wake ni kama sentimita 40. Ina mota ya umeme, betri, breki, springi za mbele na za nyuma, na juu yake ameketi mwanasesere aliyevaa helmeti. Nuova Faor ya Italia, Thunder Tiger ya Taiwan na Kyosho ya Japani ni baadhi ya kampuni zilizotengeneza pikipiki za rimoti. Mwaka 2023 Losi ya Marekani ilitoa ya kukimbilia mchangani na matopeni, kubwa zaidi, robo ya ile halisi, nayo hupita kilomita 60 kwa saa. Mwendeshaji mwenyewe yuko kando, juu ya jukwaa, rimoti mkononi.

Kuendesha chombo kwa mawimbi ya redio si jambo la jana. Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka majini bila ya kamba wala mtu ndani yake. Lakini mashua hukaa juu ya maji, na gari la magurudumu manne hata likisimama halianguki. Pikipiki ndiyo mtihani. Hata ile ya kwanza kabisa ya injini ya petroli, waliyoiunda Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach mwaka 1885, ilitiwa vigurudumu viwili vya pembeni kuizuia isilale, mfano wa mirengu ya ngalawa. Na mpandaji wa kweli anao mwili wake wa kujiegemeza na mguu wa kushusha chini. Mwanasesere hana hayo. Basi nani anaizuia?

Kila mtoto wa Mji wa Kale aliyecheza pia analijua jibu. Pia ukiisimamisha juu ya ncha yake na kuiachilia, huanguka papo hapo. Ukiizungusha kwa ugwe husimama, na hata ukiigusa ubavuni hutetereka kisha ikajirudi. Mfaransa Léon Foucault, mwaka 1852, alikuwa na chombo chenye gurudumu zito la kuzunguka akakipa jina jairoskopu. Yeye alitaka kuonyesha kwamba dunia inazunguka, lakini siri ya chombo chake ni ndugu ya siri ya pia. Ndani ya nyingi za pikipiki hizi mna pia ya namna hiyo, gurudumu zito lililofichwa, watengenezaji wengine wakilitia ndani ya gurudumu la nyuma, nalo huzunguka kwa kasi kubwa. Mpwa wangu aliiwasha ikiwa mikononi mwangu akaniambia niiinamishe. Wallahi ilinikatalia! Nilihisi kama nimeshika samaki aliye hai. Maalim wangu wa chuoni aliwahi kuninyang'anya pia mbili na bakora juu yake, kwa kuzizungusha juu ya ubao badala ya kusoma kilichoandikwa ubaoni. Simlaumu, ila siku ile nilimkumbuka.

La kustaajabisha zaidi ni kugeuka. Muulize mwendesha bodaboda yeyote: ukitaka kwenda kushoto wafanyaje? Atakwambia anageuza usukani kushoto. Si kweli, ingawa hakusudii uongo. Wilbur Wright, yule aliyeunda ndege pamoja na nduguye, na ambaye biashara yao ilikuwa baiskeli huko Dayton, aliwauliza wapanda baiskeli wengi swali hilo hilo akapewa jibu hilo hilo. Mwili wao ulijua wasilolijua wao. Ukitaka kwenda kushoto, usukani kwanza huguswa kidogo upande wa kulia, chombo kikaanza kulalia kushoto, ndipo usukani nao ukafuata. Pikipiki ya rimoti imeundwa kwa kanuni hiyo. Ukiamuru kushoto, mota ndogo huusukuma usukani kulia kwa kitambo cha kupepesa jicho, tena kwa wepesi, kisha huuacha ujiendee. Nilikumbuka mizani ya mashairi: mtunzi aliyeizoea haihesabu, na akianza kuihesabu kwa vidole katikati ya kughani, hupotea. Mpwa wangu aliniambia hivyo hivyo kuhusu kona.

Tena pana hili. Pikipiki ikienda mbali nawe, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ikirudi kukujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Hapo ndipo mgeni huipeleka ukutani. Nilijaribishwa siku ya Jumamosi, ikaingia majanini mara nne, nikamrudishia mwenyewe rimoti pamoja na kiasi cha heshima kilichonibakia.

Wazee wa uwanjani walinihadithia balaa jingine la miaka ya 1970 na 1980. Redio za mchezo wakati huo zilikuwa na chaneli chache, nyingi katika masafa ya megahezi 27, na kila mtu alikuwa na kipande chake cha fuwele cha kumwekea chaneli yake. Wawili wakiwasha katika chaneli moja, chombo cha huyu hutii mkono wa yule, kikaenda kujivunja na mwenyewe hajui kosa lake nini. Kwa hivyo uwanjani paliwekwa ubao wa vibanio, na asiyekuwa na kibanio cha chaneli yake haruhusiwi kuwasha. Redio za gigahezi 2.4 zilizoenea katika miaka ya 2000 zilimaliza fitina hiyo.

Msimu ulifunguliwa Jumapili, mwezi wa Aprili. Huku kwetu wakati huo kusi imeshaingia, na vyombo hupandishwa pwani vikatiwa kalafati na kupakwa sifa. Kwao baridi ndiyo iwafungiayo ndani, na kazi hii ya kalafati hufanywa usiku wa Desemba na Januari. "Mjomba, hatujala mezani tangu mwaka jana," mke wa mpwa wangu alinishtakia, akanionyesha meza ya jikoni iliyojaa spana ndogo kama sindano. Cheni ilikuwa imefunguliwa na kuoshwa, gololi za magurudumu zimekaguliwa moja moja, mafuta ya springi yamebadilishwa, skrubu zimetiwa gundi zisilegee kwa mtikisiko. Yote hayo kwa mbio ambazo raundi yake moja ni dakika tano hivi.

Na siku ya kwanza ina hila kuliko zote. Lami ya baridi haishikani na mpira wa baridi, tena imelala miezi mitano, ina vumbi na majani makavu. Betri nazo hulegea kwa baridi; niliona mababa wazima wamezificha ndani ya makoti kama watoto wachanga. Baadhi yao walizivika tairi vitambaa vya umeme vya kuzipasha moto. Anayetaka kuonyesha ushujaa katika mzunguko wa kwanza hulala kabla ya wenzake, na walilala! Raundi ya kwanza nilihesabu maanguko kumi na moja, nikaacha kuhesabu.

Hapa ndipo nilipoiona adabu yao. Pikipiki hizi zina vyuma vya kinga ubavuni, na mara nyingine ukiipa moto hujiinua yenyewe, lakini nyingi hubaki chini, gurudumu likizungukia hewani. Mwenyewe yuko jukwaani wala hashuki. Anayeiinua ni mwingine, naye si mtu wa kulipwa, bali ni yule aliyekimbia raundi iliyotangulia. Ukiteremka jukwaani, umeshinda au umevunjikiwa, unaweka rimoti chini, unavaa kizibao cha rangi kali, unakwenda kusimama kwenye kona kuwainua wa raundi inayofuata. Ukikwepa ukakimbilia kutengeneza chombo chako, vilabu vingi hukufutia muda wako bora. Nimetazama mipira mingi ya mtaani kwetu ambapo timu iliyofungwa huondoka na mpira wake.

Wala huchagui wa kumwinua. Unatazama kwanza isije nyingine ikakuvunja mguu, unaiokota iliyo karibu, iwe ya rafiki au ya hasimu, unaiweka pale pale ilipoangukia, kisha unaisukuma kidogo ipate mwendo, kwani bila ya mwendo haisimami.

Raundi ya mwisho, mpwa wangu alinijia mbio. "Mjomba, kona ya tatu haina mtu. Tafadhali."

"Mimi? Na goti hili?"

"Ni kusimama tu, mjomba. Ila ukiona imelala."

Nikavikwa kizibao juu ya koti, kofia yangu ya kiua kichwani, nikasimama. Aliyetangulia alikuwa mzee mmoja wa Kijerumani, mstaafu, aliyenipa chai asubuhi. Mpwa wangu alikuwa wa pili, nyuma yake kwa nusu ya uwanja. Katika dakika ya nne pikipiki ya mzee iliteleza ikaja kulala hatua mbili kutoka miguuni pangu, nami nikasikia ya mpwa wangu inakuja. Nakiri, msomaji, kwamba mkono ulisita. Nilimkumbuka dada yangu na Yasini zake, na ile meza ya jikoni. Ikapita ya mpwa wangu. Ndipo nikainama, nikaiinua ile nyingine, nikaisukuma, ikanitoka mkononi kama ndege.

Mzee alimfikia tena katika mzunguko wa mwisho akampita. Mpwa wangu akawa wa pili. Aliposhuka jukwaani nilidhani atanishukuru au atasikitika, la hasha.

"Mjomba," alisema, "mbona ulikawia?"

"Nilikuwa natazama kama kuna nyingine inayokuja."

Alinitazama kama vile mama yake anitazamavyo nikisema nimeshakula. Hakuongeza neno. Akavaa kizibao chake, maana raundi ya vijana ya kufungia siku ilikuwa inapangwa mstarini, akaelekea kona ya pili. Alipokwisha kunipa kisogo akaniashiria kwa mkono nirudi ya tatu. Nikarudi, na goti langu.