Maua ya keki? Jifinyangie mwenyewe

Umepata oda ya kapukeki 12 za bethidei, mteja anataka maua juu, na fondanti ya dukani itakula faida yote. Tulia, unaweza kuitengeneza nyumbani.

Weka gramu 225 za mashmelo nyeupe na vijiko 2 vikubwa vya maji kwenye bakuli, uyeyushe juu ya sufuria ya maji moto. Ongeza sukari laini ya keki kidogo kidogo, hadi kama gramu 450. Jipake mafuta magumu ya kupikia mikononi, ukande kama unga wa chapati hadi iache kunata. Ifunge isipate hewa, ilale hadi asubuhi. Rangi, tumia ya jeli. Ile ya majimaji hulainisha fondanti hata ua lisisimame.

Sasa kosa linaloliza wengi, hasa ukiwa Mombasa: friji. Ukitoa keki humo, unyevu wa hewa hutua juu yake, maua yanatoka jasho na rangi inachuruzika mteja akiwa mlangoni! Yakaushe kwenye boksi la katoni, uyapachike siku ya kupeleka.

Halafu soma pakiti ya mashmelo. Baadhi huwa na jelatini ya nguruwe, kwa hivyo kama mteja ni Mwislamu, tafuta yenye alama ya halali kabla hujawasha jiko.