Nyumba ya kwanza: Nairobi au Kibwezi?

MGENI siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Je, wewe mpangaji wa Nairobi, umekuwa mgeni kwa miaka mingapi? Kila mwisho wa mwezi unampelekea mwenye nyumba kodi yake. Kila Desemba unapanda basi, au treni ya Madaraka inayosimama Kibwezi, kwenda kuwaona wazee. Na kila unapofika, kabla hata ya vumbi kukutoka viatuni, mama anakuuliza swali lile lile: "Mwanangu, utajenga lini?"

Swali hilo si dogo. Kwa mshahara wa kawaida huwezi kununua nyumba mjini na papo hapo kujenga kijijini. Ni lazima uchague kimoja kwanza. Serikali imeweka mipango kadhaa ya kumsaidia anayetafuta nyumba yake ya kwanza, lakini mingi imeelekea mjini kuliko shambani. Afadhali uijue kabla hujatia sahihi popote.

Ushuru si akiba

Tuanze na zile pesa unazokatwa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara, naye mwajiri akatakiwa kutoa kiasi kama hicho. Mnamo Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi Machi 19, 2024, na makato yakarudi.

Ukilipwa Sh40,000 kwa mwezi, unakatwa Sh600. Wengi wanadhani Sh600 hizo zinawekwa mahali kwa majina yao. La hasha! Mpango wa mwaka wa 2018, ambao haukufaulu, ndio ulioahidi kuwarejeshea wachangiaji pesa zao baadaye. Huu wa sasa ni ushuru kama ushuru mwingine. Kuulipa hakukupi nyumba, wala hakukuweki mbele katika foleni.

Mlango wa mjini

Anayetaka nyumba za serikali hujiandikisha katika mpango wa Boma Yangu, kisha huweka akiba yake mwenyewe kwa ajili ya malipo ya awali. Sheria imewagawa wanunuzi kwa mapato: wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi wana nyumba zao, wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000 wana zao, na wanaozidi hapo wana zao.

Nyumba hizo si ndoto tupu. Za kwanza zilikuwa zile 1,370 za Park Road, Ngara, zilizoanzishwa wakati wa Rais Uhuru Kenyatta. Mnamo Mei 20, 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 huko Mukuru, ambako nyumba ndogo kabisa ya chumba kimoja ilipangiwa malipo ya Sh3,900 kwa mwezi. Kuna watu mtaani humo waliokuwa wakilipa kodi isiyopungua sana hapo kwa chumba cha mabati.

Faida nyingine haitajwi sana. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa bei nafuu amesamehewa ushuru wa stempu tangu 2018. Mjini ushuru huo ni asilimia 4. Kwa nyumba ya Sh2 milioni, umeokoa Sh80,000.

Lakini soma masharti. Mtu mmoja hupewa nyumba moja, na huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi. Kama nia yako ni kuishi mjini miaka michache kisha urudi Kibwezi, fikiri mara mbili.

Mkopo wenye riba nafuu

Ipo pia kampuni ya KMRC, iliyoanzishwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu mwaka wa 2020. Haikukopeshi wewe moja kwa moja. Inazikopesha benki na vyama vya akiba na mikopo kwa riba ya chini, navyo vinakukopesha kwa riba isiyofika asilimia 10.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mkopo wa Sh1 milioni kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 9, unalipwa karibu Sh9,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 15, unalipwa zaidi ya Sh13,100. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, tofauti ni kama Sh1 milioni, yaani nyumba nyingine nzima! Kwa hivyo ukienda katika chama chako usiulize tu, "Mtanipa ngapi?" Uliza kama mkopo huo ni wa KMRC, na kama unamhusu pia anayejenga shambani.

Kikwazo cha Kibwezi

Hapa ndipo wana wa Kibwezi wengi hukwama. Mkopeshaji hataki kusikia kwamba baba alikuonyesha mpaka kutoka mbuyu huu hadi mwiba ule. Anataka hatimiliki, na iwe kwa jina lako. Isitoshe, baadhi ya jamii za eneo hili zimeishi kwa miaka mingi kwenye ardhi ya serikali bila stakabadhi yoyote. Mtu ana shamba, ana mifugo, ana makaburi ya wazee wake, lakini mbele ya benki hana kitu.

Hata penye hatimiliki ya baba, lazima shamba ligawanywe kwa idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Kama mzee amefariki, mtaanza na kesi ya urithi mahakamani. Hayo huchukua muda mrefu, na ugomvi wa ndugu huurefusha zaidi.

Kuna nafuu ya kodi vilevile. Tangu Desemba 2024, anayelipa mkopo wa nyumba anaweza kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa riba ya hadi Sh360,000 kwa mwaka. Lakini ni kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Ukikaa Nairobi huku nyumba ya Kibwezi ikilindwa na popo, hutaidai.

Basi ufanye nini?

Kama kazi na shule za watoto ziko mjini, na una miaka ya kutosha ya kulipa, anza na mlango wa mjini. Kama unakaribia kustaafu, fahamu kwamba tangu 2020 sheria inaruhusu kutumia asilimia 40 ya akiba yako ya uzeeni, isiyozidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi.

Nawe kijana wa chuo usiye na mshahara bado, kazi yako ipo. Desemba hii ukifika Kibwezi, keti na mzee chini ya mwembe, umuulize kwa heshima: shamba hili limeandikwa kwa jina la nani? Jibu lake litakusaidia kuliko tofali la kwanza. Na mama akiuliza utajenga lini, angalau utakuwa na la kumwambia.