Taji la Dunia Lililotetewa Nairobi

Ndondi za kulipwa, yaani masumbwi ambayo bondia hupigania malipo ya mkataba badala ya medali, hazina ligi wala ratiba ya msimu, kwa kuwa kila pigano huandaliwa upya na promota, ambaye hukodi ukumbi, husaka wafadhili, huuza tiketi na kuwalipa mabondia wote wawili, huku chombo cha kimataifa kikiidhinisha taji linalowaniwa. Miongoni mwa vyombo hivyo ni Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lililoanzishwa nchini Mexico mwaka 1963, ambalo mkanda wake wa kijani Wakenya walikuwa wakiuwania tangu miaka ya 1970.

Philip Waruinge, aliyeondoka na shaba katika Olimpiki ya 1968 lakini akapewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote, na ambaye mwaka 1972 alitwaa fedha jijini Munich, alihamia Japan kutafuta riziki ya ulingoni. Mwezi Aprili 1976 alisafiri hadi Panama kuwania taji la WBC la uzani wa superbantamu, usiozidi kilo 55.3, ambalo lilikuwa likishindaniwa kwa mara ya kwanza, akashindwa na Rigoberto Riasco mbele ya mashabiki wa nyumbani kwa Riasco. Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978, alikosa taji la chombo pinzani cha WBA nchini Denmark mwaka 1982. Robert Wangila, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki jijini Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 kutokana na majeraha ya pigano la Las Vegas. Wote watatu walitafuta ugenini kile ambacho Nairobi ilishindwa kuwapa, nacho si ufundi wala moyo, bali promota mwenye uwezo wa kugharimia mapigano makubwa.

Ndiyo maana ushindi wa Fatuma Zarika una uzito wa pekee. Tarehe 1 Oktoba 2016, mjini Flint, Michigan, bondia huyo wa Nairobi alimshinda Alicia Ashley, bingwa mwenye umri wa miaka 49, kwa uamuzi uliogawanyika, ambapo majaji wawili kati ya watatu humpa ushindi bondia mmoja na wa tatu humpa mpinzani wake. Taji lilikuwa la uzani uleule aliouwania Waruinge miaka 40 awali, na Zarika akawa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa WBC.

Kupata mkanda, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi, kwa kuwa bingwa hulazimika kuutetea dhidi ya wapinzani wanaoidhinishwa na baraza, la sivyo anaweza kunyang'anywa. Zarika aliutetea jijini Nairobi Desemba 2017 dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, aliyewahi kuwa bingwa wa WBC wa uzani wa bantamu, kisha akamshinda tena Machi 2019 katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, KICC, lililo katikati ya jiji. Kati ya mapigano hayo mawili alikwenda Mexico mwaka 2018 na kumshinda Yamileth Mercado, lakini Novemba 2019 aliporudi hukohuko, Mercado alimpokonya taji.

Mkanda uliotetewa mara mbili nyumbani ulipotelea ugenini, na tofauti hiyo haipaswi kupuuzwa. Nairobi imekwisha kuthibitisha kwamba inaweza kuandaa pigano la ubingwa wa dunia, kwa hiyo kampuni kubwa zenye makao Westlands na katikati ya jiji, pamoja na Serikali, ziwafadhili mapromota wa hapa kwa mikataba ya miaka kadhaa, ili bingwa ajaye asilazimike kutetea taji lake mbali na watu wake.