Arosto ya Panya

Mtu aliyeacha sigara husema mwenyewe yanayomsibu: usingizi hauji, hasira ziko karibu, kazini hatulii. Mitaani wanaiita arosto. Panya hasemi, kwa hiyo anayetafuta dawa ya arosto ya nikotini hana budi kuisoma kwenye mwili wa mnyama wa gramu 25 hivi.

Kwanza panya azoeshwe nikotini. Sindano moja kwa siku haitoshi, maana mwili wake huiondoa upesi mno: nusu huisha ndani ya dakika chache, ilhali kwa binadamu huchukua kama saa 2. Basi hupandikizwa pampu ndogo chini ya ngozi ya mgongo, nayo humtilia nikotini polepole usiku na mchana, aghalabu kwa siku 14. Kisha pampu hutolewa, au panya hudungwa mekamilamini, dawa inayoziba vipokezi vya nikotini, na kwa dawa hiyo arosto hufika ndani ya dakika chache.

Mtazamaji asiyejua panya yupi kapewa nini huketi mbele ya kisanduku kinachoonyesha ndani, akihesabu. Mikono inatetemeka: moja. Kichwa kinatikiswa kama cha mbwa aliyetoka majini: mbili. Panya anarudi kinyumenyume, anajikuna, kope zinalegea. Woga nao una kipimo chake: ubao ulioinuliwa wenye umbo la msalaba, njia mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Mwenye woga hang'oki kwenye kuta.

Sasa dawa mpya imetolewa na hesabu imeshuka. Imetibu? Huenda imemsinziza tu, na panya aliyesinzia hatikisi kichwa. Ndiyo maana lazima liwepo kundi ambalo pampu zake zilikuwa na maji ya chumvi tu, nalo lipewe dawa ileile na kupimwa mwendo. Kwangu mimi, kundi hilo ndilo roho ya jaribio. Bila yake siamini matokeo yoyote, hata yapendeze vipi.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Panya waliozalishwa bila sehemu ya kipokezi iitwayo beta-2 hutetemeka kama wenzao wakikatiwa nikotini, lakini woga hauwapandi. Kumbe mtetemeko na woga hupita njia tofauti, na dawa inaweza kuutuliza mkono ikauacha moyo vilevile. Na mara nyingi ni moyo unaomrudisha mtu dukani kuomba sigara moja.