South Carolina Katika Kurasa Mbili

Tarehe 14 Juni 1862, jarida la Harper's Weekly la New York liliwaonyesha wasomaji sura ya Robert Smalls, mtumwa wa South Carolina. Mwezi mmoja kabla, usiku wa kuamkia 13 Mei, Smalls aliondoka bandarini Charleston na meli ya mvuke Planter, maofisa wazungu wakiwa wamelala nchi kavu. Mkewe na watoto wake walikuwemo. Alijifanya nahodha, akatoa ishara walizozizoea walinzi wa ngome ya Sumter, akapita mbele ya mizinga yao hadi kwa manowari za Kaskazini, iliyokuwa ikipigana na majimbo ya Kusini katika Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Picha hiyo ya Smalls ilichongwa kwenye mbao, kwani mitambo ya wakati ule haikuweza kuchapa foto pamoja na maandishi. Mchoro ukiwa mkubwa, uligawanywa vipande, kila mchongaji akapewa chake, kisha vikaunganishwa.

Sasa tulifungue jarida lile lile la 14 Machi 1874. Jalada lina katuni ya Thomas Nast: wabunge weusi wa South Carolina, nyuso zimepotoshwa makusudi, wanazozana ukumbini. Rushwa ilikuwepo katika serikali ile, wala si haki kuificha. Lakini Smalls, shujaa wa 1862, alikuwa seneta katika bunge hilo hilo! Na katiba ya 1868, ambayo yeye alishiriki kuiandika, ndiyo iliyoanzisha shule za umma kwa watoto wa jimbo zima. Hayo jalada halikuyagusa.

Nini kilibadilika? Vita vilikwisha, na Kaskazini ilichoka na madai ya watu walioachwa huru. Mwandishi James Pike, aliyewahi kupinga utumwa, alizuru jimbo hilo mwaka 1873, akasikiliza sana malalamiko ya mabwana wa zamani. Kitabu chake, The Prostrate State, kikatoka 1874. Mwaka 1860 watumwa wa South Carolina walikuwa 402,406, zaidi ya nusu ya wakazi wote. Kuliandika jimbo la namna hiyo kwa kuwasikiliza waliowamiliki watu hao ni kuiacha nje sehemu kubwa ya historia yake.

Njia nyingine ilikuwepo. Mwaka 1864 jarida la Atlantic Monthly lilichapisha makala za Charlotte Forten, mwalimu mweusi kutoka Philadelphia aliyefundisha kisiwani St. Helena. Aliishi na walioachwa huru, akaeleza hamu yao ya kusoma, nyimbo zao, harusi zao. Wanahistoria wengi wa baadaye walimfuata Pike. Mwaka 1935 mwanahistoria mweusi W. E. B. Du Bois alipochapisha Black Reconstruction in America, bado alilazimika kupambana na picha ile ya 1874.